Mashine Iliyojisahihishia Mtihani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Marketta Vuorenmaa, Katibu wa Wizara ya Afya. Mkurugenzi wetu, Profesa Hallamaa. Nanyi wageni mliokwisha kunywa kahawa na mnaoisubiri ya pili:

Sisi watafiti vijana wa Maabara ya Picha za Mawimbi, Haapalahti, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umekuja kwenye theluji yote hii kuzindua mashine yetu, ili Jumatatu ianze kupima akina mama hospitalini. Profesa alituagiza risala iwe fupi na ya furaha. Ufupi tumeuzingatia.

TULIKOTOKA

Kazi yetu ni ileile ya babu zetu, waliogonga barafu ya ziwa kwa fimbo kabla ya kuikanyaga. Unasikiliza sauti inayorudi, unakisia kilichopo chini. Sisi tunapitisha sauti na umeme mdogo kwenye titi, tunapokea kinachotoka nje, kisha kompyuta inarudi kinyumenyume kutafuta ndani mna nini. Taabu ni kwamba titi zima na titi gonjwa huweza kutoa mwangwi unaokaribia kufanana. Babu aliyekisia vibaya hakurudi kusimulia.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu yanatisha. Ile picha uliyoiona gazetini, yenye uvimbe mdogo kama zabibu kavu, haina mawaa hata chembe. Ingeyapata wapi? Mwangwi wake haukutoka kwa mgonjwa yeyote. Kompyuta iliutunga, kisha kompyuta hiyohiyo, kwa hesabu zilezile, ikaulizwa mwangwi huu umetoka wapi. Mwanafunzi akijitungia mtihani, akaufanya, akajisahihishia, atapata mia kwa mia na wazazi watachinja.

Katika fani yetu kosa hilo huitwa jinai. Hufundishwa mwaka wa kwanza, na anayelifundisha ni Profesa mwenyewe. Analifundisha vizuri sana.

Tulimwomba tupime kwanza watu halisi, wengi. Akatujibu, "Nyie watoto mna haraka ya kuniaibisha. Vipimo vya watu vina kelele, vitatuharibia picha."

CHANGAMOTO

Kama maandazi ya iliki leo yana ladha ya dukani, mtuwie radhi. Aliyezoea kuyaoka, karani wetu Raija Kettula, hayupo. Raija ndiye mtu halisi wa kwanza kuingia kwenye mashine hii. Alikuwa amegusa kitu kigumu kwenye titi, karibu na kwapa, na miadi ya hospitali alikuwa nayo. Mashine ikamwona mzima.

"Mama Raija, miadi usiifute," tulimwambia.

"Aa, nyie nanyi," akasema, huku anavaa sweta. "Miaka yote nawapikia kahawa mkiijenga, leo nisiiamini?"

Profesa akacheka. "Umewasikia, Raija? Kazi ya mikono yao wenyewe wanaiogopa."

Raija akaifuta miadi. Majira ya baridi yakapita nusu, ndipo binti yake akamburuta hospitalini, kwenye mashine kuukuu isiyotoka gazetini. Uvimbe ulikuwepo, na ulikuwa umekua. Tuna hasira, Mheshimiwa, na tumeshindwa kuipamba.

MAOMBI

Tunakuomba usikate utepe. Tupe mwaka mmoja, na akina mama watakaokubali kupimwa huku na hospitalini kwa pamoja, mpaka mashine ijifunze kusikiliza miili badala ya kujisikiliza yenyewe.

Ikiwa mwaka ni mwingi na wapiga picha wamekwisha kujipanga, basi kata. Ila Jumatatu foleni ianze na wewe. Na ukiambiwa u mzima, nenda nyumbani, usipime kwingine.

Mungu akulinde njiani, aibariki Ufini, na awaongoze madaktari ambao, tunaposoma haya, wanampasua Raija.

Ni sisi,
Watafiti Vijana, Maabara ya Picha za Mawimbi, Haapalahti.
Imesomwa kwa niaba yao na Ilmari Suopelto.