Sufuria Iliyobaki Motoni

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, kabla hatujamsindikiza mama yetu katika safari yake ya mwisho, familia imemwomba kitinda mimba wake awasomee haya, naye anaomba mmvumilie, ingawa marehemu mwenyewe hakupenda hotuba ndefu, alisema zinapoza chakula.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pua, naye akaitika bila kinyongo, alizaliwa tarehe 9 Februari 1949, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alisoma shule ya msingi ya jirani mpaka darasa la saba, akifanya vizuri katika hesabu na vibaya katika kunyamaza, na alipomaliza aliajiriwa na dobi mmoja wa mjini kupiga pasi. Huko ndiko pua yake ilikopata sifa, maana alijua kwa kunusa tu kwamba kola inakaribia kuungua, hata akiwa ameipa pasi mgongo anapiga soga, na wenzake wakamtania kwamba atakayemwoa hatakula chakula kilichoungua maisha yake yote.

Aliyemwoa alikuwa fundi saa wa mtaa uleule, mtu mpole aliyeleta shati lilelile kila wiki, tena safi, eti linyooshwe, hadi dobi mwenyewe akachoka, akamwambia aache kumalizia watu mkaa, aseme lililomleta. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1970, wakajaliwa watoto watatu, wakapanga nyumba yenye mlango wa kijani, ambayo jiko lake lilitenganishwa kwa ukuta wa mbao tu na nyumba ya mkunga, yule aliyewapokea watoto wote watatu kwa mikono yake, na aliyemwita mama yetu ‘mdogo wangu’ ingawa hawakuwa na undugu wa damu.

Vita viliingia mjini taratibu, jinsi usingizi unavyomwingia mtu aliyekaa kwenye kiti. Kwanza redio ilianza kuutaja ukoo wetu kwa jina baya, kisha dobi akamwomba mama aingilie mlango wa nyuma, kisha asije kabisa, na wateja ambao mama alizijua kola zao kuliko wake zao walivyozijua, walipokutana naye barabarani waliangalia viatu vyao. Mwezi Mei mwaka 1978 watu wenye bunduki walimchukua baba yetu akiwa kazini, saa ya mtu ikiwa wazi mbele yake, na hakurudi, wala hadi leo hatujui alipolazwa, tunawaomba mnapomwombea mama mumtaje na yeye. Siku hiyo mama alitoa mashati yote ya mumewe kabatini, akayapiga pasi upya moja baada ya jingine, akayarudisha.

Wiki chache baadaye, mchana wa jua kali, mkunga aligonga ule ukuta wa mbao kama walivyozoea kuitana, akasema kwa sauti ya chini kwamba malori yameshafika sokoni na mtaa wao ndio unaofuata, mdogo wangu toka sasa hivi, usibebe kitu. Sufuria ya maharage ilikuwa motoni. Pembeni mwa mtaa alisimama mlinzi wa wale watu, amevaa shati ambalo mama alilitambua, maana mkunjo wa mkono ulikuwa wa pasi yake mwenyewe, na mama akawaza kwamba nyumba inayotoa moshi na harufu ya chakula hakuna atakayedhani imehamwa. Akaongeza mkaa, akafunika sufuria, akawapa wakubwa wawili ndoo, mdogo akamfunga mgongoni, wakampita yule mlinzi kama watu wanaokwenda kuteka maji, mama akamsalimia, naye akaitikia vizuri tu.

Walipovuka mto na kufika juu ya kilima ndipo alipogeuka, akaona moshi mzito unapanda kutoka upande wa mtaa wao, na pua yake, ambayo haikuwahi kumwangusha, ikashindwa kumwambia ule ni moshi wa wale watu au ni wa jiko lake, alilolijaza mkaa na kuliacha karibu na ukuta wa mtu aliyemwokoa. Dada yetu mkubwa anakumbuka kwamba mama alikaa chini, akainuka arudi, akakaa tena, mpaka mtoto wa mgongoni alipolia, ndipo wakaendelea. Tangu hapo hakuwa na swali jingine duniani, ila kama alimchoma mkunga.

Walipokelewa ng'ambo ya mpaka wakiwa wakimbizi, wakaishi chini ya turubai, kisha wakahamia mji huu, na mwaka 1981 mama akapata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, alikonyoosha mashuka na makoti ya madaktari hadi alipostaafu mwaka 2009. Kila mgeni aliyefika kutoka kwao alimuuliza habari za mlango wa kijani na mkunga wa jirani, na majibu aliyapata ya kila namna, huyu alisema mtaa wote uliteketea, yule alisema nyumba ipo na imepakwa rangi, na mama aliwashukuru wote sawasawa, asimwamini hata mmoja. Maharage aliyapika akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko mpaka yaive, na hata siku ya harusi ya dada yetu, bwana harusi alisubiri akitoka jasho wakati mama mkwe amerudi nyumbani kuhakikisha jiko limezimika.

Tena aliota. Aliota yuko jikoni kule, mvuke umejaa hadi darini, kifuniko kinachezacheza, na kila akinyoosha mkono jiko linasogea, halina haraka, linapita chumba cha kulala, linapita meza ya baba ambaye yupo anafungua saa na wala hainui kichwa, linatoka nje kwenye mwanga mweupe, na nyuma ya ukuta mkunga anagonga. Aliamka ananusa hewa.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na mwaka huu akalazwa katika hospitali ileile, alikolalamikia mikunjo ya mashuka kuliko maumivu. Wiki mbili kabla hajatuacha, mkunga aliingia wodini akitembelea fimbo, na kitu kizito kimefungwa kwenye shuka, maana swali la mama lilikuwa limetembea kutoka mdomo hadi mdomo mpaka likamfikia mwenyewe. Alifungua shuka, ikatoka sufuria. Alieleza kwamba mchana ule alisikia kifuniko kinagonga, akadhani mdogo wake bado anazubaa ndani, akakimbia kwenda kumgombeza, akakuta hakuna mtu, akaiepua, na kabla hajaondoka wale watu wakaingia, wakauliza wenye nyumba wako wapi. Akawajibu wamekwenda kuteka maji, wanarudi sasa hivi, kaeni mle. Wakakaa, wakala, wakaomba tena, na moshi ule mama aliouona kutoka kilimani ulikuwa wa ghala la sokoni. Halafu akamwambia mama kwamba ana jambo moja tu la kumlaumu miaka yote hii, maharage hayakuwa na chumvi, na yeye ndiye aliyetazamwa vibaya. Mama alicheka hadi muuguzi akaja, akasema chumvi huwa anatia mwishoni, na mwisho hakuukuta. Waliendelea kushikana mikono jioni yote.

Tangu siku hiyo alilala bila kunusa hewa, na Jumatano tarehe 13 Novemba 2024, asubuhi, hakuamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wa chumba cha kufulia walionyoosha shuka lake la mwisho hadi likakosa mkunjo hata mmoja, majirani ambao hamkutuacha peke yetu, na mkunga, mama yetu mkubwa, ambaye hamumwoni hapa mbele kwa sababu yuko uani kwenye kigoda, analinda sufuria ileile, mtakapotoka mtakula.

Mama, maharage yameiva, chumvi imetiwa, na jiko tutalizima sisi. Pumzika sasa kwa amani, umpe baba salamu.