Upande wa Pili wa Shuka

Wasikilizaji wapendwa, popote sauti hii inapowakuta, jikoni, dukani, au mmejilaza tu mkipumzisha miguu, sogeeni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja mpiga pasi. Kazini walimwita Mama Pasi. Nyumbani aliitwa mama, na siku hizi za mwisho akaitwa bibi. Amefariki dunia. Amefariki mchana kweupe, wenzake wote wa kazini wakiwa na habari zake mikononi mwao. Hilo la mikononi tutalifikia. Tusikimbilie.

Mama Pasi alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na nyumba za wageni. Aliingia pale akiwa msichana, akatoka pale akiwa bibi. Bintiye anasema kitu cha kwanza anachokikumbuka kuhusu mama yake ni harufu. Harufu ya sabuni na kitambaa cha moto. "Nikilia utotoni nilikuwa najifuta machozi kwenye gauni lake," anasema. "Nikishanusa tu, kilio kimekwisha."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kuna jambo kuhusu shuka ambalo mtu asiyeifanya kazi ile anaweza asilijue. Shuka kubwa la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wanasimama wawili, huyu huku na yule kule, kila mmoja kashika pembe zake mbili. Wanalivuta, wanalikung'uta, kisha wanatembea, mmoja akimwendea mwenzake mpaka vidole vinagusana. Wanarudi nyuma, wanaanza tena. Kutwa nzima kazi ni hiyo, kuendeana na kurudi. Utake usitake, utamtazama mwenzio usoni.

Mwenzake Mama Pasi alikuwa mwanamke mrefu wa kupitiliza. Wakampa jina la Twiga. Mama Pasi mwenyewe alikuwa mfupi, kwa hiyo shuka likiwa katikati yao lilikaa mteremko kama paa la bati. "Punguza kimo, shoga yangu," Mama Pasi alikuwa akimwambia, "mwenzio nimeinua mikono utadhani nimekamatwa." Twiga naye hakuwa na haya, alimwambia apande juu ya ndoo. Siku moja Mama Pasi akaja kweli na kreti tupu la soda, akalipanda, akakunja mashuka asubuhi nzima akiwa juu yake kama mheshimiwa anayehutubia. Kiwanda kizima kilicheka mpaka waliokuwa kwenye mashine za kufulia wakaja kuchungulia.

Kuna siku nyingine, na hii bintiye aliisikia nyumbani mara nyingi hadi akaijua kwa moyo. Twiga alifika kazini anatabasamu kama kawaida. Mkunjo wa kwanza, Mama Pasi akamwuliza ana nini. Twiga akasema hana kitu. Mkunjo wa pili, akamwuliza tena. Wa tatu, vidole vilipogusana, Twiga akaangua kilio. Mwanawe alikuwa na homa kali, kamwacha kwa jirani kwa kuogopa kukosa zamu. Mama Pasi aliangusha shuka pale pale. Akamwita dereva, akamwambia ageuze gari la mashuka, akamchukue mtoto ampeleke hospitali. Msimamizi wa wakati ule alipoguna kuhusu mzigo uliokuwa unasubiri, Mama Pasi alimjibu neno moja tu: "Mashuka hayana homa." Mtoto alipona. Gari la mashuka ndilo lililomwokoa. Naomba mlikumbuke gari hilo.

Miaka ikaenda. Akaja msimamizi mpya, kijana wa watu, mpole, hana ubaya na mtu. Alitaka tu mambo yaende haraka. Akafungua kundi la kazini kwenye simu. Kuanzia hapo zamu zikawa zinatangazwa kwenye kundi, maagizo kwenye kundi, karipio kwenye kundi. Na kukawa na utaratibu. Ujumbe ukiingia, kila mmoja aweke dole gumba, ijulikane kwamba ameuona. Anayechelewa, zamu ya kesho hana. Hakuna aliyeutangaza utaratibu huo wa zamu. Watu waliuona wenyewe, na kuuona kulitosha.

Basi watu wakafanyaje? Wakawa wanaweka dole kwanza, kusoma baadaye. Halafu wakawa wanaweka dole, hawasomi. Maana na ujumbe wenyewe ulikuwa mwingi. Zamu, sabuni, salamu za asubuhi zenye picha za maua, dua, vichekesho, mtu anauza godoro, paka anacheza muziki. Nani ataisoma yote hiyo akiwa na pasi mkononi?

Mama Pasi aliliogopa kundi lile kuliko alivyowahi kumwogopa msimamizi yeyote. Aliona mwenzao mmoja, mwosha taulo, simu yake ilipoharibika. Siku chache hakuweka dole. Siku chache nyingine, jina lake likawa halipo. "Ukitolewa kwenye kundi umetolewa kazini," alimwambia bintiye, "na mimi kwa magoti haya nani mwingine atanichukua?" Ndilo lililokuwa rohoni mwake, wasikilizaji wapendwa. Asitolewe kwenye kundi. Basi.

Akamwomba bintiye amfundishe simu. Akafundishika. Akawa wa kwanza kuweka dole kila siku, wenzake wakambandika jina jipya, Mama Dole, na jina lenyewe akalipenda. Simu ilikaa kwenye mfuko wa aproni. Ilikaa mezani kando ya sahani. Akienda kuoga, iliingia naye ndani ya mfuko wa plastiki. Mlio wake ulikuwa kama mluzi mfupi, na mluzi huo ulimkuta akicheka, kicheko kikakatika. Ulimkuta akisimulia, simulizi ikaishia njiani.

Na pale kwenye mashuka? Twiga ametuambia hivi: "Tulikuwa tunakunja kama watu waliogombana, na wala hatujagombana." Mkono mmoja umeshika pembe mbili, mwingine uko mfukoni unasubiri mluzi. Wanaendeana, wanarudi. Macho chini. Lile kreti la soda likarudishwa dukani.

Bintiye alijifungua mtoto wa kike, na Mama Pasi akawa bibi. Siku moja mtoto alijishikiza kwenye kapu la nguo, akasimama, akaliachia. Akapiga hatua ya kwanza. Akapiga nyingine. Alikuwa anakwenda kwa bibi yake aliyekaa kwenye mkeka.

"Mama, tazama," binti akasema.

"Nimeona, nimeona," Mama Pasi akajibu. Macho yalikuwa kwenye simu.

Mtoto akafika mpaka magotini kwa bibi. Akasimama pale kidogo. Akasubiri. Kisha akakaa chini.

Jioni yake Mama Pasi akamtazama mjukuu, akauliza, "Hivi huyu bado tu hajaanza kutembea?" Binti akamjibu kwamba bado, lakini ataanza karibuni. Kesho yake mtoto alipotembea tena, Mama Pasi alipiga vigelegele na kumrusha juu, akidhani ndiyo mara ya kwanza. Binti akapiga vigelegele naye. Hakumwambia kamwe.

Tumefika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mchana, jua limepanda, majirani wote wako makazini. Mama Pasi alikuwa chumbani akikunja vinguo vya mjukuu. Akasema kichwa kinamgonga. Baada ya hapo akasema mkono wa kushoto hausikii. Baada ya hapo hakusema tena. Maneno yalikuwa yanatoka, lakini yametota, hayashikiki. Alikuwa na presha ya siku nyingi. Binti akamlaza, akambeba mtoto mgongoni, akakimbilia nje. Uani hakuna mtu. Barabarani hakuna gari.

Ndipo akalikumbuka gari la mashuka. Kila mchana lilipita barabara kubwa, mwisho wa mtaa wao, likipeleka mashuka hospitalini. Akaikumbuka hadithi ya mtoto wa Twiga. Akarudi ndani, akaichukua simu mkononi mwa mama yake, akalifungua kundi, akaandika. Ujumbe wake tumeusoma kwa ruhusa ya familia. Unasema: "Mimi ni binti wa Mama Pasi. Mama amezidiwa, hawezi kuongea. Naomba gari la mashuka lipite nyumbani limpeleke hospitali. Tafadhali jamani."

Majibu yalikuja kabla hajapumua. Dole la msimamizi. Dole la Twiga. Dole la dereva. Yakamiminika, dole juu ya dole, hakubaki mtu.

Binti akalia kwa furaha. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia mama yake asiogope, wanakuja. Wamejibu wote, hata dereva mwenyewe kajibu.

Mama Pasi akatikisa kichwa.

Binti akamwambia tena kwamba wanakuja. Mama Pasi akatikisa kichwa tena, akiubana mkono wa bintiye kwa ule mkono mmoja uliobaki na nguvu. "Nilidhani ni maumivu," binti anasema. "Nilidhani anasikia maumivu. Kumbe mama alikuwa ananiambia."

Kwa sababu Mama Pasi aliyajua madole yale. Yake mwenyewe yalikuwa hivyo hivyo.

Binti akafungua geti, akaliwekea jiwe lisijifunge, akasimama nje na mtoto mgongoni. Hakwenda kutafuta gari jingine. Ataliacha geti vipi, na gari liko njiani? Akasubiri. Na kweli, gari la mashuka likaja. Akaliona mwisho wa mtaa, jeupe, limesheheni. Akanyoosha mkono.

Likapita. Halikupunguza hata mwendo.

Dereva amekaa na familia, akasema yote. Simu ilipiga mluzi akiwa njia panda. Akaweka dole, akakanyaga mafuta. Hakusoma. Hakuna aliyesoma.

Jirani mmoja, fundi bomba, alirudi nyumbani kuchukua spana aliyoisahau, akawakuta. Akampakia Mama Pasi kwenye kigari chake katikati ya mabomba. Mama Pasi alifariki njiani, kabla ya kufika geti la hospitali. Hospitali ileile. Vitanda vyote mle ndani vilikuwa vimetandikwa mashuka aliyoyanyoosha yeye.

Binti aliandika tena kwenye kundi, safari hii kutangaza msiba. Madole yakaja, la kwanza la msimamizi. Chini yake ikafuata orodha ya zamu za kesho. Jina la Mama Pasi lilikuwemo.

Twiga aliujuaje msiba? Hakuujua kwa simu. Aliujua kazini, asubuhi, shuka likiwa mkononi. "Nimeshika pembe zangu mbili," anasema, "nimesimama. Upande wa pili hakuna mtu. Nikauliza, Mama Pasi yuko wapi leo? Watu wakaanza kutafuta kwenye simu zao." Aliivua aproni akaja mbio msibani. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Baada ya mazishi Twiga alikuwa anakuja kumsaidia binti. Siku moja wakatoa mashuka ya marehemu nje, wakayafua, yakakauka. Twiga akashika upande mmoja, binti akashika wa pili, pale ambapo mama yake angesimama. Wakalivuta. Wakalikung'uta. Twiga akamwambia polepole, "Umefanana naye, mwanangu. Na kimo ni kile kile." Binti akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba. Wakaanza kuendeana, wanatazamana, mtoto anapita chini ya shuka akiona ni nyumba.

Mluzi ukalia. Ulilia mara mbili, kwenye aproni ya Twiga na kabatini ndani, kwenye simu ya marehemu, ambayo bado ilikuwa imeachwa kwenye chaji.

Twiga hakukusudia. Tunamwamini. Mkono ulikwenda wenyewe. Pembe ya shuka ikaanguka mavumbini, na alipotambua alichokifanya, dole lilikuwa limeshakwenda.

Binti aliokota ile pembe, akalikunja shuka peke yake, vibaya vibaya, kama linavyokunjika kwa mtu mmoja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studio, tunampa pole binti wa Mama Pasi. Tunampa pole mjukuu, ambaye sasa anakimbia. Tunampa pole Twiga, tunampa pole na dereva, maana naye hapati usingizi. Marehemu apumzike kwa amani.

Tungependa kuwaambia kwamba pale kiwandani mambo yamebadilika. Hayajabadilika. Kundi lipo, mluzi unalia, na upande wa pili wa shuka sasa kuna mwanamke mwingine, mgeni, ambaye Twiga bado hajalijua vizuri jina lake. Tutafakari tu, kila mtu na simu yake. Leo kuna ujumbe umeuwekea dole. Ulisema nini?