Urbano, Seremala wa Kizwite, na Uvimbe wa Nyuma ya Pua

Mliokuja kumzika Urbano, poleni na msiba. Niliambiwa nisome maisha yake bila kutaja ugonjwa, na jina la mjane lisiwemo. Jana kwenye kikao baba mdogo Adolfu alisema Cornelia asitupe udongo kaburini, afungashe arudi kwao Muze, kwa sababu eti ndiye aliyemuua mumewe. Mimi Marsiana ndiye dada mkubwa wa marehemu. Nasoma yote.

Marehemu alizaliwa hapa Kizwite mwaka 1913, wakati wa kuvuna ulezi. Baba yetu alikuwa Leonardi, mama yetu Adela, wote wametangulia.

Alisoma kwa mapadre miaka mitatu. Kusoma alijua, kuimba hakujua, lakini aliimba. Mwaka 1929 wakamweka karakana ya misheni akajifunza useremala. Milango mingi ya mjini ameitengeneza yeye. Hata mbao za jeneza hili ni zake, alikuwa amezikausha za kabati.

Mwaka 1938 alimwoa Cornelia, binti wa Muze, kule bondeni. Ukoo ulinuna. Watu wa huku juu wakisikia mke katoka bondeni, tayari wameshaona uchawi. Urbano akawajibu, "Nimeoa mtu, sikuoa bonde." Walielewana. Cornelia akipika pombe ya ulezi, Urbano alikuwa anaisikia harufu akiwa karakana, huku amezungukwa na maranda. Anapaza sauti, "Mama Wilibrodi, imeiva hiyo." Na kweli imeiva.

Mwaka 1952, baada ya Pasaka, maharage yaliungua chungu kizima, Urbano amekaa pale pale jikoni ananoa patasi. Hakusikia harufu. Cornelia akamwambia, "Baba Wilibrodi, wewe mgonjwa." Akacheka, "Mgonjwa wa maharage?" Lakini pua ya kulia ilikuwa imeziba, na asubuhi mto wa kulalia ulikuwa na damu. Baadaye na sikio la upande huo likaziba.

Dresa, yule mhudumu wa zahanati, alimpa dawa ya mafua. Haikusaidia. Baba mdogo Adolfu akasema ni kilimi, hiki kidude kinachoning'inia kooni, kimerefuka, kikatwe. Huku kwetu kila koo linalosumbua tunalikimbilia na kisu. Akaletwa mkataji, akakata. Urbano alitoka damu mpaka akashindwa kusimama, na pua ikabaki imeziba vile vile. Hapo ndugu wakaenda kwa mganga. Mganga akauliza nani alijua ugonjwa kwanza. Wakasema mke. Akasema basi ndiye huyo. Wifi yangu akakatazwa kumpikia mumewe mwaka mzima. Aliyemwona kwanza kuwa anaumwa, ndiye akafanywa mchawi.

Mwaka 1953 mimi na Cornelia tulimpeleka hospitali. Adolfu akatufuata, alitaka daktari amthibitishie uchawi. Daktari, mzungu, alivaa kioo kwenye paji la uso, akaingiza kingine kidogo chenye mpini mpaka kooni, akaangalia juu, nyuma ya pua. Akaona uvimbe. Akanyofoa kipande, kikapelekwa Dar es Salaam kuangaliwa kwa darubini. Majibu yaliporudi akatuita.

"Ni kansa," akasema. "Ya namna hii ni adimu, nimeiona mara moja tu."

Adolfu akauliza, "Katupiwa na mke?"

"Mzee, hii inaota yenyewe. Haitupwi na mtu."

"Sasa mwanamke alijuaje kabla yetu?"

"Analala naye. Wewe unalala naye?"

Daktari akatugeukia sote, akasema, "Mngemleta mwaka jana uvimbe ukiwa mdogo, ungeweza kutolewa wote. Sasa tutajaribu." Tuliporudi nyumbani, Adolfu akawaambia watu mzungu hakuelewa swali. Alielewa. Nilikuwepo.

Urbano alisafiri kwa lori la Zubery mwenye duka, akabadili gari Mbeya mpaka Dar es Salaam. Walimpasua kwa ndani ya mdomo wa juu, uso usiharibike. Alirudi mwanzo wa 1954 anapumua vizuri. Kunusa hakukurudi. Siku ya pombe alikaa karibu na mtungi, akamwambia mkewe, "Nidanganye basi kwamba inanukia." Mwisho wa mwaka uvimbe ukaota tena, ukasukuma jicho. Daktari akasema hapo hakuna kisu tena, apewe dawa ya maumivu. Pua ilitoa usaha unaonuka. Ndugu walikuja kumjulia hali wakaishia mlangoni, wameziba pua kwa khanga. Cornelia alimsafisha, akamlisha uji, akamgeuza. Hakuna mwingine aliyemshika, na mimi mgongo wangu hauinami.

Urbano alifariki Jumanne, tarehe 14 Juni 1955, alfajiri, nyumbani kwake, ameegemea kifua cha mkewe.

Ameacha mke, Cornelia, na nyumba aliyoijenga kwa ajili yake, na humo hatoki. Ameacha watoto wawili, Wilibrodi na Margareth. Ameniacha mimi. Ameacha baba mdogo Adolfu, nimemtaja kwa sababu marehemu alimsamehe kwa mdomo wake. Mimi sijamsamehe.

Baba mdogo, sogea hapo kaburini, umpishe wifi yangu. Cornelia, njoo utupe udongo wa kwanza. Urbano, mdogo wangu, umeumwa vya kutosha. Mungu akupumzishe kwa amani.