Kutu ya Meli ya Anga

Brynn alishasaini karatasi ya kutunza siri za kazi, lakini mdomo wake haujui kusaini. Basi la jijini Orlando lilipoondoka tu, akamgeukia mama mmoja wa kiti cha pembeni aliyepakata ndoo ya brashi, mwenye beji ya jina Marisol kifuani.

"Mama, ile meli ya anga kwenye bustani mpya ya michezo ni kazi yangu. Wiki tatu napaka kutu ya uongo, ionekane imetoka vitani kwenye nyota. Miaka minne ya chuo, nikahitimu kuchafua." Akacheka peke yake. "Leo wakubwa wanakagua. Wakiipenda, nimepata ajira ya kudumu."

Marisol hakucheka. "Ile iliyo karibu na lango?"

"Hiyo hiyo."

"Mwanangu, jana nimeikuta ina kutu hadi aibu. Nimeisugua ikang'aa."

Brynn akaona shahada yake imeshateremka kituo kilichopita. "Yote?"

"Limebaki bawa la kushoto. Nalimalizia asubuhi hii."

"Usiliguse, mama, nakuomba."

"Nimetumwa kusafisha, sikutumwa kuuliza uchafu ni wa nani."

Basi likasimama langoni. Mlango ulipofunguka, wote wawili wakaukimbilia, na mwenye ndoo alikuwa mbele.