Hannah Nyaboke, Mkutubi Aliyelitafuta Jina la Bi Mwanatumu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Popote mlipo, Malindi, Kilifi, hata Mtwapa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Hannah Nyaboke, mkutubi wa chuo kimoja hapa Kilifi. Ametutoka Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Wengi wenu hamkuwahi kumwona. Lakini kama una mtoto wa gredi ya sita, huenda kazi ya Hannah imo ndani ya mkoba wake.

Hannah alizaliwa Kisii. Alikuja pwani akiwa msichana, akaajiriwa kupanga vitabu kwenye rafu. Kiswahili chake kilichekwa sokoni, naye akacheka pamoja nao, akajifunza. Akaolewa Matsangoni na Bwana Kahindi, seremala, wakajaliwa binti, Mapenzi. Toka siku hiyo mtaani akawa Mama Mapenzi.

Miaka ikapita. Chuo kikaunganishwa kwa kompyuta na maktaba za ng'ambo. Wenzake walitafuta kama walivyozoea, kwa jina la kitabu au la mwandishi. Hannah akagundua kwamba kompyuta ile yaweza kutafuta ndani ya vitabu vyenyewe, neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa. Ni vitabu vya zamani vilivyopigwa picha na kugeuzwa maandishi ya kompyuta, mamilioni yake.

"Siku hiyo alirudi nyumbani hata chakula hakukigusa," anasimulia Bwana Kahindi. "Akaniambia, Baba Mapenzi, kitabu kiko Ulaya kimefungwa, na mimi nimekichungulia tumboni."

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu.

Mwalimu mmoja wa Malindi, Hadiya, alifika maktabani ameshika karatasi. Ilikuwa rasimu ya kitabu cha kusoma cha gredi ya sita, walimu wameombwa waipitie. Ukurasa wa arobaini palikuwa na shairi. Chini yake pameandikwa: Mtunzi hajulikani.

Hadiya alilijua shairi hilo tangu utotoni. Nyanya yake, Bi Mwanatumu, alikuwa akilisoma huku akimsuka nywele. Bi Mwanatumu alikuwa na miaka themanini na mitano, na siku zote alisema kwamba shairi ni lake, alilitunga akiwa binti mdogo. Wanawe walimwitikia kwa adabu, kisha wakatazamana.

"Hata mimi sikumwamini," Hadiya anakiri. "Nilidhani ni uzee. Mpaka nilipoliona limechapishwa."

Alimpigia simu mhariri wa kitabu, Bwana Njenga, huko Nairobi. Njenga hakuwa mtu mbaya. Alimjibu hivi: "Mwalimu, nikiandika jina kwa kumbukumbu ya mtu mmoja, kesho watakuja kumi. Niletee maandishi. Kitabu kinaingia mtamboni mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi, wasikilizaji. Zilibaki wiki tatu na siku chache.

Hannah alikaa kwenye kompyuta siku tatu. Aliandika mstari wa kwanza kama ulivyokuwa kwenye rasimu: Nipe maji ya kisima, nina kiu ya kujua. Hakupata kitu. Akajaribu nusu ya mstari. Akajaribu mstari wa pili, wa tatu. Hakuna. Jumamosi akafunga safari ya Malindi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona kama mimi ni mwongo?"

"La, Bi. Nimekuja kukusikiliza. Nisomee vile ulivyosoma siku ya kwanza kabisa."

Bi Mwanatumu akasoma, si kwa Kiswahili cha shule, bali kwa lugha ya mama yake aliyetoka Lamu: "Nipa mai ya kisima, nina kiu ya kuyua."

Hannah akamwomba arudie. Mai, si maji. Kuyua, si kujua. Hapo akaelewa. Kuna mtu huko nyuma aliyelinyoosha shairi ili lifanane na Kiswahili cha vitabuni, na kwa kulinyoosha akalipoteza.

Jumatatu asubuhi aliandika maneno matatu tu: kiu ya kuyua. Katika mamilioni ya vitabu, kikatokea kimoja. Kimoja tu. Ilikuwa ripoti ya Kiingereza ya mwaka wa hamsini na mbili, kuhusu madarasa ya wanawake. Hakuna ambaye angeifungua akitafuta ushairi. Kompyuta ikamwonyesha namba ya ukurasa, mia moja arobaini na tatu, lakini ukurasa wenyewe, kwa sababu ya hakimiliki, ukakataa kufunguka.

Akaiandikia maktaba yenye kitabu. Kimya. Akaandika tena. Zilipobaki siku nne, picha ya ukurasa ikaja. Lile shairi lote lilikuwepo, na chini yake, kwa herufi ndogo: Limetungwa na Mwanatumu binti Abdulqadir, mwanafunzi wa Malindi, umri miaka kumi na minne. Alilisoma mwenyewe siku ya kufunga masomo.

Njenga alipoipokea alimpigia Hannah simu papo hapo. "Mama, nalibadilisha sasa hivi. Naomba uniombee radhi kwa Bi."

Hannah alikwenda Malindi na ile karatasi. Akaisoma mbele ya familia nzima. Bi Mwanatumu akamtaka aisome tena, na tena. Mahadhi, mwanawe mkubwa, mzee mwenye wajukuu, akapiga magoti.

"Mama, tuwie radhi."

"Nimewawia radhi," akasema Bi Mwanatumu. "Sasa kaeni, niwasomee lote."

Wakakaa. Akalisoma lote, beti kumi na mbili, hakukosa neno. Majirani wakajaa mlangoni, vigelegele vikasikika mpaka barabarani.

Kitabu kilitoka na jina lake, na shairi likarudishiwa maneno yake. Shuleni kwa Hadiya watoto mia tatu walilisoma kwa sauti moja mbele ya mtunzi wake, aliyeketi kiti cha mbele amevaa buibui jipya. Hannah alikaa nyuma kabisa, Bwana Kahindi anasema, akilia bila kujifuta.

Wasikilizaji wapendwa, maradhi yalimchukua Hannah kwa muda mfupi. Bi Mwanatumu, sasa akiwa na miaka themanini na saba, alifika Matsangoni kumzika. Alisema maneno machache: "Alikuja kwangu kusikiliza wakati watu wangu walikuwa wamechoka kunisikia."

Kwako Bwana Kahindi, kwako Mapenzi, na kwa jamaa wote wa Kisii na Matsangoni, poleni sana. Mungu amlaze Hannah Nyaboke mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Nyumbani kwako kuna mtu anayesema, hili nililifanya mimi, nanyi mnatazamana. Leo, kabla jua halijatua, kaa karibu naye. Mwombe akueleze upya, kwa maneno yake mwenyewe. Uandike. Na jina lake uliandike kwanza.