Mwalimu Adolphe Mutware (1957–2015) na Jina Aliloomba Liandikwe

Mwalimu Adolphe Mutware alizaliwa Lemera, eneo la Uvira, Kivu Kusini, tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa wakulima waliokuwa na ng'ombe wachache. Leo, Jumamosi tarehe 14 Februari 2015, anazikwa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mbali na makaburi ya wazazi wake.

Alisoma shule ya msingi na sekondari Lemera. Mwaka 1978 alikwenda Bukavu kusomea ualimu wa Kiingereza. Huko alikutana na tamthilia za Waingereza za karne ya ishirini: sebule za matajiri, kengele ya kumwita mtumishi, wageni wakila chakula cha jioni huku wafanyakazi wa kiwanda wakiwa kwenye mgomo. Katika mtihani wa mwisho aliandika juu ya matabaka na wajibu wa mtu kwa mwenzake, akafaulu vizuri sana. Baadaye alikuwa akisema kwamba alijaza kurasa nyingi kuhusu watumishi wa London, na hakumkumbuka hata mara moja aliyemfulia shati alilovaa siku ile.

Alianza kufundisha Uvira mwaka 1983. Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa kanisani na Annonciata, nao wakajaliwa watoto wawili, Joël na Vanessa. Waliishi katika nyumba ya matofali karibu na soko. Jikoni alikuwepo Mukandayisenga, mjane aliyewapikia na kuwabeba watoto mgongoni kwa miaka tisa.

Oktoba 1996 vita vilifika mjini. Familia ilipata lori lililokuwa likielekea Baraka. Mwalimu alimkabidhi Mukandayisenga funguo, akamwambia, "Baki ulinde nyumba. Juma lijalo tutarudi." Nafasi ilikuwepo ndani ya lori. Walipakia cherehani na magodoro. Kutoka Baraka walivuka kwenda Tanzania, na Machi 1999 wakafika Nakivale. Uvira hawakurudi tena.

Hapa Nakivale Mwalimu alilima maharage na mahindi kama jirani zake, akafundisha Kiingereza katika shule ya Juru. Kuanzia mwaka 2003 alifundisha pia fasihi katika sekondari moja ya Mbarara, siku mbili kwa juma. Alikwenda kwa baiskeli hadi Isingiro, kisha akapanda gari. Wanafunzi wengi pale walikuwa watoto wa askari wa kambi ya Mbarara. Mmoja wao, Joanita, alimuuliza siku moja walipokuwa wakisoma tamthilia, "Mwalimu, huyu mupishi anaongea mara mbili tu mu kitabu kizima. Sasa sisi tunamusoma ya nini?" Mwalimu akamjibu, "Soma tena, utazame ni nani wanakula chakula chake." Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba baada ya jibu hilo alitoka nje, akakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Mwaka 2005 alikwenda ofisi ya kutafuta watu waliopotea vitani. Karani, Shafik, alikuwa mtu mwema aliyetaka kumsaidia.

"Mwalimu, hapa tunatafuta watu ya familia. Huyo mama ni nani yako?"

"Alikuwa anatupikia."

"Basi sema ni dada. Nani atajua?"

"Angekuwa dada yangu, angepanda lori."

Aliondoka bila kuandikisha kitu.

Desemba 2007 aliandaa mchezo katika kanisa la Juru, alioutoa katika tamthilia moja ya Kiingereza na kuufupisha kwa Kiswahili. Mpishi wa tajiri anaugua siku ya karamu, na kila mtu wa nyumba ile anasema kumtunza si kazi yake. Wanawake wote walikataa kuigiza bibi mwenye nyumba, wakiogopa jina baya, hadi Annonciata akakubali. Yafaa kueleza kwamba hapa Nakivale michezo mingi huletwa na mashirika. Ni michezo ya kipindupindu, ukimwi na vyoo, na mwishoni watu huulizwa swali, hujibu, hupewa kipande cha sabuni. Basi mpishi alipotoka na furushi lake na mchezo ukaisha, hakuna aliyeinuka.

Nehemiya, mzee wa kanisa, akapaza sauti: "Mwalimu, tumeona. Sabuni iko wapi?"

"Hakuna sabuni, mzee."

"Eh! Basi uliza swali yako tujibu, twende kupika."

Mwalimu akauliza, "Nani alimfukuza mpishi?"

"Ni bibi!" wakasema, wakimwonyesha Annonciata. "Ule! Ana roho ya jiwe!" Wengine wakasema ni bwana, wengine mtoto mkubwa, aliyejua kwamba mpishi anaugua akanyamaza. Mwalimu aliwaacha wacheke. Kisha akawasimulia habari za funguo, lori na cherehani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mwanamke mmoja aliyetoka Uvira akasimama. "Ile nyumba ya karibu na soko? Mu 1998 ile mama alikuwa anafagia uwanja kila asubui. Tulimuambia, 'Mama, benye nyumba balikimbia, unalinda nini?' Akasema, 'Balisema juma yenye kuya batarudi.'"

"Halafu?" aliuliza Mwalimu.

"Halafu hatukumuona tena."

Mwalimu hakuandaa mchezo mwingine, ingawa aliombwa mara nyingi. Kila wageni kutoka Kivu walipofika kituo cha mapokezi, aliendesha baiskeli kwenda kuuliza.

Mwaka 2013 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa Mbarara, akawa anakwenda na kurudi kadiri nguvu zilivyoruhusu. Januari mwaka huu, akiwa kitandani hospitalini, aliomba jina la Mukandayisenga liandikwe katika wasifu huu kati ya wale aliowaacha, lakini asiitwe dada. Alifariki Alhamisi alfajiri, tarehe 12 Februari, mkewe akiwa kando yake.

Jana kwenye kilio, mdogo wake, Gad, alipinga. "Mutumishi aandikwe pamoja na batoto? Batu batasema nini?"

"Shemeji, batu balishasikia zamani," Annonciata alimjibu. "Na ile magodoro, ni mimi nililalia. Aandikwe."

Mwalimu Adolphe ameacha mjane, Annonciata, watoto, Joël na Vanessa, wajukuu wanne, na mdogo wake, Gad. Ameacha pia Mukandayisenga, aliyewapikia, aliyeachwa Uvira kulinda nyumba, ambaye familia haijui kama yu hai. Leo angekuwa na miaka sabini hivi. Ana kovu la moto mkono wa kushoto.

Mungu amjalie Mwalimu pumziko. Aliye na habari za Mukandayisenga, hata zikiwa za kaburi lake, amwone Annonciata baada ya mazishi. Atakuwa ameketi mlangoni pa kanisa mpaka mtu wa mwisho aondoke.