Udongo wa Wageni

Kijiwe cha Zainab muuza kahawa kiko Landless, Thika, ukingoni mwa uwanja uliokuwa karakana ya kuyeyusha betri kuukuu za magari. Mwenye karakana alihama na faida, akawaachia watu sumu nao wakajenga juu yake. Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali. Mkicheka wote kwa pamoja mnaanguka, kwa hivyo hapo watu hucheka kwa zamu. Asubuhi hiyo zamu haikuwa ya mtu. Makau, fundi viatu, alishika kikombe bila kunywa. Wapimaji wa udongo walikuwa wametangaza kwamba uwanja ni salama. Hospitali nayo ilikuwa imemwambia kwamba damu ya binti yake Kaluki ina sumu ya betri.

— Sasa nani anadanganya? akauliza Makau. Udongo ama damu? Mtoto ameanza kusahau jina la mwalimu wake.

— Sumu ya siku hizi ni janja, akasema Gachau, aliyeitwa Injinia tangu atengeneze redio ikashika moto. Ikisikia Kizungu inazama. Wapimaji wakienda, inapanda.

— Wacha zako, Injinia! akadakia Faki, aliyewahi kulinda geti la zahanati, hivyo akaitwa Daktari. Hiyo ni upepo. Wikendi sumu inaenda Ruiru, Jumatatu inarudi job.

— Na Kaluki ameenda Ruiru lini, Daktari? akauliza Makau.

Zainab, mama yake Tahir, akaweka birika chini kwa kishindo.

— Nyinyi wanaume! Si mlisikia wageni wanakuja mkaona aibu? Mkaleta lori ya udongo kutoka Kalimoni, mkamwaga, mkafagia!

— Sasa Mama Tahir, mgeni akanyage uchafu? akajitetea Faki. Hata maua tulipanda!

— Basi wamepima shamba la Kalimoni. Hongereni, Kalimoni ni salama.

Makau aliukumbuka ule udongo mwekundu. Reki alishika yeye. Kaluki alinyunyiza maji.

— Niliwapigia simu warudi, akasema. Wanasema hapa washamaliza.

Ndipo akatokea mama mmoja, mtoto mgongoni, mtungi wa plastiki mkononi.

— Habari zenu. Naitwa Farhiya, nimehamia jana. Nasikia hapa pamepimwa, pako safe. Hicho kisima cha uwanjani, naweza chotea mtoto maji?

Gachau akamtazama Faki. Faki akatazama tofali. Zainab akatazama birika lake, lililojazwa kisimani alfajiri, na mtaa wote wa Landless haukuwa na kisima kingine wala bomba la kumwelekeza.

Makau akamwaga kahawa yake chini. Udongo mwekundu ukainywa yote.

— Ama nirudi baadaye? akauliza Farhiya.